Kazi ya kijijini kwa asiye na shamba: jibu kwa dada wa Uru

Dada, naona wengi wamekujibu kwa neno moja tu: "Lima." Umesema una stashahada ya uhasibu, umezungusha bahasha Moshi na Arusha hadi viatu vimeisha, sasa uko kwa wazazi Uru na kila anayepita anakuambia fursa ziko kijijini. Mimi naishi Kibosho, nakula kwa kazi ya kijijini, na sina hata robo eka ya kulima. Ndiyo maana jibu langu litakuwa tofauti kidogo na la hao.

Kwanza, huku kwetu mlimani ardhi imekwisha, na wahamasishaji hawapendi kulisema hilo. Kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, kiligawanywa kwa baba na ndugu zake, kila mmoja akabaki na migomba, kahawa kidogo, banda la ng'ombe na makaburi ya familia. Kijana wa kiume anasubiri zamu yake. Wewe binti ndiyo kabisa: mila inakipeleka kwa kaka zako, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Idai haki hiyo, tena usione haya, ila kesi ya ardhi ni ndefu na wewe unahitaji kula mwezi huu. Kukodi tambarare, Kahe au Mabogini, kunawezekana kwa mwenye mtaji. Lakini nimeona vijana wakizamisha fedha za ukoo mzima kwenye nyanya, wakafika nazo sokoni Himo siku ambayo kila mtu kaleta nyanya. Atakayekuambia nyanya ni utajiri, muulize ni mwaka gani na aliuza wiki gani.

Kazi niliyoipata mimi iko kwenye mashamba ya wengine. Wenye vihamba wengi sasa ni wazee, watoto wao wako Dar es Salaam na wanatuma fedha kwa simu. Hela kidogo ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwita, akaja, akafanya kitu kinachoeleweka.

Nilisomea afya ya mifugo. Kama wenzangu nilikesha kwenye tovuti ya ajira za serikali nikisubiri tangazo, na likitoka nafasi ni chache kuliko waombaji wa kata moja. Nikaenda kozi fupi ya uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu kwa ng'ombe, kwenye kituo cha taifa, NAIC, pale Usa River. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: huku karibu kila boma lina ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili, wamefungwa bandani mwaka mzima, na hakuna mwenye nafasi ya kufuga dume.

Sasa ng'ombe wa ndani ana shida yake. Hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo joto lake, yaani muda wa kutaka dume, linapita kimyakimya. Mama anaona tu maziwa yamepungua na ng'ombe analia usiku, anadhani ni njaa. Dalili yenyewe ni ute mwepesi unaoning'inia nyuma, kama ute wa yai. Asipouona, anasubiri tena siku 21 hivi, akimlisha majani ya kununua bure. Ndiyo maana kila boma ninaloingia nafundisha kuangalia kabla ya kugusa ng'ombe. Ukimwona na joto asubuhi, nipigie, nitakuja jioni. Ukimwona jioni, nitafika kesho alfajiri. Nikifika mapema mno au nimechelewa, mbegu imepotea na jina langu limepotea nayo.

Mbegu zinakaa kwenye mtungi wa naitrojeni, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Natoa mrija mmoja, nauyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi kama 37, nusu dakika hivi. Navaa glavu ndefu mpaka begani, mkono mmoja unapita njia ya haja kubwa kuishika shingo ya kizazi, mwingine unaelekeza kifaa. Mara ya kwanza watoto wa boma hukimbia. Bibi mmoja aliniuliza kama kweli mama yangu alilipa ada ili nije kufanya hivi. Nikamjibu, "Ndiyo, bibi, na wewe utanilipa." Akacheka, akalipa.

Usidhani ni mteremko. Naitrojeni inapungua yenyewe hata usipouza mrija mmoja, kwa hiyo mtungi tunashirikiana watu kadhaa, na gharama ya kujaza tunagawana. Masika njia za huku ni utelezi mtupu, pikipiki unaisukuma zaidi ya kuipanda. Tatizo kubwa kuliko yote ni mkopo: "Kijana, nitakulipa maziwa yakitoka." Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa! Siku hizi nalipwa nikishanawa mikono, na hata wazee wamezoea.

Wapo wengine. Kuna jamaa anakatia kahawa na kupiga dawa kwa wazee wasioweza tena kubeba bomba mgongoni. Dada mmoja wa Machame alianza na viriba nyuma ya jiko la mama yake, anabebesha parachichi, shina la kienyeji juu anaweka kikonyo cha Hass, aina inayotakiwa sokoni. Anauza miche, na anayenunua mingi anamfuata kumpandia kwa malipo ya pembeni. Wengine wanapandisha majani na mabua kutoka tambarare na kuyauza kwa wenye ng'ombe. Hakuna hata mmoja wao aliyeanza kwa kumiliki shamba.

Nije kwako. Uhasibu kijijini una kazi nyingi kuliko unavyofikiri, ila hakuna atakayeitangaza. AMCOS za kahawa, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zinapokea kilo za kila mkulima, kuna malipo ya awali, baadaye kahawa ikiuzwa mnadani kuna malipo ya pili, na kila kilo inatakiwa ionekane kwenye leja. Vyama vingi vina karani mwaminifu lakini aliyezoea daftari na kalkuleta. COASCO, shirika la serikali la ukaguzi wa vyama vya ushirika, wakija kukagua, ndipo mbio za kutafuta stakabadhi zinapoanza. Mtu wa kuja mwezi mmoja kabla na kuziweka hesabu sawa angelipwa. Vikundi vya maziwa ni hivyohivyo: lita za asubuhi, lita za jioni, makato ya chakula cha mifugo, halafu mwisho wa mwezi watu wananuniana.

Na VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ndiyo usivikose. Desemba, Wachaga wote wako nyumbani kwa Krismasi, vikundi vinavunjwa, hisa, riba na faini zinagawanywa. Nimeshuhudia kikao cha kuvunja kikundi kikianza na sala na kuisha kwa mashemeji kutosalimiana, sababu ni faini zilizojumlishwa mara mbili. Kikundi kinachoogopa aibu hiyo kitamlipa mtu wa nje asiye na hisa, mwenye kompyuta, anayeweza kumwonyesha kila mwanachama mstari wake.

Kuhusu mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri uliyoiuliza: haina riba, na mgawo ni nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Kwa kawaida ni vikundi vinavyokopeshwa, kwa hiyo usiunde kikundi na watu kwa sababu tu ni vijana wenzako. Mmoja akihamia Dar na fungu lake, deni linabaki kwenu. Na kwa kazi yako mkopo wa nini? Una kichwa, kompyuta ya mkononi hata ya mtumba inatosha. Kama ni mimi, ningeanza bila deni.

Fanya hivi wiki hii. Muulize mama yako yuko VICOBA gani, na baba yako huuza kahawa wapi. Nenda kwa katibu wa chama hicho cha ushirika, msalimie kwa heshima, usianze kumkosoa karani wake, maana huenda ni mjomba wake. Omba kuwapangia leja ya msimu mmoja kwa bei mtakayoiandika kabla hujafungua daftari. "Tutakuona" usiikubali, hata kama anayeisema ni mzee wa kanisa. Ukimaliza, mwombe barua yenye muhuri, hiyo ndiyo utakayobeba kwenda chama cha pili. Halafu niambie hapa chama chenu hufanya mkutano mkuu mwezi gani, maana kama umebaki chini ya miezi miwili inabidi uende kesho asubuhi.