Mnaonunua mahindi ya kugawa kanisani, mmepima unyevu?

Mkuu, SIMAMISHA huo mzigo. Umeandika kwamba makanisa yenu matatu pamoja na vijana wa kujitolea mmechanga hela, dalali "mwaminifu" kawapatia gunia 200, yatalala ukumbini hadi Januari ndipo mgawie kaya zilizoishiwa. Umeuliza usajili, umeuliza wafadhili, umeuliza majina ya walengwa yapatikaneje. Unyevu hujagusa kabisa. Chai yangu imepoa hapa.

Sisi tulikuwa makanisa mawili, Dodoma huku. Tulinunua gunia 140 mwezi wa tano, bei ikiwa chini, tukajiona wachumi. Mimi ndiye niliyekuwa mhazini. Taaluma yangu uhasibu, mahindi nilikuwa nayafahamu yakishakuwa ugali. Dalali akachota kiganja, akang'ata moja, kah! "Sikia hiyo, mchungaji, limekauka kama mfupa." Mchungaji naye akang'ata. Na mimi nikang'ata, nikatikisa kichwa kama bwana shamba. Gunia za juu ndizo zilikuwa kavu. Za katikati ya lori zilivunwa mbichi, zikaanikwa siku mbili tatu kwenye udongo, zikashonwa. Tukalipa taslimu. Yule bwana hadi leo hapokei simu yangu, na namba nimebadilisha mara mbili.

Ghalani tukaharibu zaidi. Vijana walipanga magunia moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, yameegemea ukuta, hakuna chaga, madirisha tumefunga kwa kuogopa wezi. Mwizi alikuwa ndani tayari.

Januari, Jumamosi ya kugawa, tunafungua ukumbi: harufu ya kitambaa kilichosahaulika kwenye beseni. Tukasema ni vumbi. (Tulisema, ndiyo, msinicheke.) Mama wa tatu kwenye foleni akamwaga kidogo kwenye kanga, akayasugua, akanusa, akayarudisha kwenye debe. "Mwanangu, haya hata kuku wangu simpi." Punje zilikuwa na kuvu la kijani kwenye kiini. Tukasitisha, wawili wa kwanza tukawafuata hadi nyumbani kuchukua debe zao. Sampuli ikaenda maabara: sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu (aflatoksini), juu sana ya kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki, ambacho ni mikrogramu 10 kwa kilo.

Hapo ndipo wajuaji walipojitokeza. Mzee mmoja wa kanisa: tuyachambue, tuyakoboe, moto wa ugali utaua. Moto hauui sumu hiyo, mkuu, unaua kuvu tu. Mwingine: tuwauzie wapika pombe. Wa tatu: ng'ombe wale. Ng'ombe akila, sumu inatoka kwenye maziwa, anakunywa mtoto yuleyule uliyetaka kumwokoa na njaa. Na hii si hadithi ya kutishana: 2016, Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 walirekodiwa, 20 wakafa. Kenya 2004 walikufa 125. Watu walikula mahindi yao wenyewe. Sisi tulikuwa tunakwenda kuwapa yetu kwa maombi na picha.

Tukachimba shimo. Kwaya ilikuwa na mazoezi siku hiyo, wakaacha kuimba.

Sasa sikia. Beba chupa ya kioo kavu yenye mfuniko, na chumvi kavu. Mahindi theluthi ya chupa, chumvi vijiko viwili vitatu, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, ondoka, hata kama dalali ni shemasi. Isipoganda, bado tafuta kipima unyevu, maana ghalani yanatakiwa asilimia 13.5 kushuka chini. Na usipime gunia analokuonyesha yeye. Panda juu ya lori, toa la katikati, toa la chini kabisa. Akikasirika, ushapata jibu. Mifuko ile ya kuzuia hewa ni mizuri kwa kuzuia wadudu kama dumuzi na fukusi, ila mahindi mabichi yataoza humo humo, usidanganyike.

Wafadhili... nitarudi kwa hilo nikitoka kazini. Usajili pia. Umesema lori linapakia Alhamisi. Leo Jumanne. Chumvi ipo dukani, na mwambie mchungaji wako asing'ate kitu.