Mkweche wa Luteni Columbo

SWALI: Ndugu Mhariri, nimerudia kutazama tamthilia za zamani za upelelezi na jambo moja linanitatiza. Wapelelezi wengine wanaendesha magari ya fahari, lakini Luteni Columbo anafika na gari kuukuu lililopauka. Je, watayarishaji waliishiwa fedha?

JIBU: Fedha hazikuwa tatizo. Gari lile ni Peugeot 403 ya mwaka 1959, yenye paa la kukunja, na aliyelichagua ni mwigizaji mwenyewe, Peter Falk. Alipoonyeshwa magari ya studio ya Universal ili achague moja, hakuvutiwa na lolote, mpaka alipoona pua ya gari lililosahauliwa nyuma ya mengine, rangi imechakaa na gurudumu moja lina pancha; akasema analitaka hilo hilo.

Kwa maoni yetu, alichagua vema mno. Katika tamthilia hiyo, iliyoanza kurushwa mfululizo na kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani mwaka 1971, mtazamaji kwa kawaida humjua muuaji tangu mwanzo, naye mara nyingi ni tajiri au mtu mashuhuri wa Los Angeles. Akiwa mlangoni pa jumba lake, anauona mkweche ukiegeshwa karibu na magari yake yanayong'aa, anamwona mtu mwenye koti la mvua lililokunjamana akishuka, na papo hapo anamdharau. Dharau hiyo ndiyo inayomponza, kwa kuwa humfungua mdomo mbele ya mtu ambaye angepaswa kumwogopa.

Hata hivyo, gari lenyewe halikustahili kudharauliwa. Peugeot 403 za kawaida zilizidi milioni moja, lakini zile za paa la kukunja, zilizotengenezwa kati ya 1956 na 1961, zilikuwa takriban 2,000 tu. Luteni alijivunia gari lake la Kifaransa, na alikuwa na haki.

Magari ya wapelelezi wengine wa tamthilia za enzi hizo, kama Magnum na Starsky, yalisema mambo mengine. Ferrari 308 GTS nyekundu ya Magnum haikuwa hata mali yake, bali ya tajiri aliyempa makazi huko Hawaii. Ford Gran Torino ya Starsky, nyekundu yenye mchirizi mweupe ubavuni, ilipendeza kweli kweli, ingawa ni vigumu kufikiria gari lisilofaa zaidi kwa askari kanzu anayemfuatilia mtu kwa siri.

SWALI: Katika nakala yangu ya riwaya ya Inspekta Morse, mpelelezi anaendesha Jaguar. Rafiki yangu ana nakala ya zamani ya riwaya hiyo hiyo inayotaja Lancia. Nani ana kitabu sahihi?

JIBU: Nyote wawili. Colin Dexter alipoanza kuandika riwaya hizo miaka ya 1970, alimpa Morse gari la Lancia. Tamthilia ilipoanza mwaka 1987, John Thaw aliyeigiza kama Morse alipewa Jaguar Mark 2 ya rangi ya damu ya mzee, yenye paa jeusi na injini ya lita 2.4, ambayo ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote za aina hiyo. Gari la taratibu namna hiyo lilimfaa mpenzi wa muziki wa opera anayezunguka Oxford akitafakari, na watazamaji walilipenda kiasi kwamba vitabu vilipochapishwa upya, Lancia iliondolewa na Jaguar ikaingizwa mahali pake. Mwambie rafiki yako aitunze nakala yake.