Sachi safi haitoshi kuonyesha ploti haina deni

Dada, umeuliza kama sachi safi (majibu ya ukaguzi wa rekodi za ploti) ya ofisi ya ardhi yatosha kuthibitisha kwamba ile ploti ya Mamboleo, Kisumu, haina deni la kodi. Haitoshi, na tafadhali usitoe hata arbuni kwa sasa. Kwa kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, zisipolipwa huing'ang'ania ardhi yenyewe hata kama hazijaandikwa kwenye rejista. Sehemu C ya rejista, ile ya madeni, inaweza kuwa tupu na kaunti bado inadai.

Nenda kaunti na nambari ya ploti, uombe taarifa ya reti. Tazama deni la msingi na riba kando kando, maana riba ndiyo huvimba. Kama ni lizi, yaani ardhi iliyokodishwa kwa muda maalumu, kuna pia kodi ya ardhi ya serikali kuu. Mwambie muuzaji alete vyeti vya kutodaiwa, na wakili aandike kwenye mkataba kwamba madeni hayo ni ya muuzaji, au yakatwe kwenye bei.

Deni la KRA, mamlaka ya ushuru, ni tofauti: kamishna wake akimwandikia msajili wa ardhi, huandikwa kwenye rejista, na sachi huonyesha. Rudia sachi kabla tu ya kulipa.