Setilaiti huanguka kila sekunde, ila haifiki chini

Swali: Mwalimu, katika daftari langu la fizikia nimeandika kwamba setilaiti hubaki angani kwa sababu kani ya kukimbia kitovu, yaani ile inayosukuma kitu nje kutoka katikati ya duara, inasawazisha mvutano wa dunia. Lakini sheria ya kwanza ya Newton inasema kuwa kitu ambacho kani zake zimesawazishwa hutulia, au huenda kwa mstari mnyoofu. Sasa setilaiti inazungukaje? Na ikiwa dunia bado inaivuta, mbona wanaanga waliomo ndani yake huelea? Tena, je, setilaiti nzito huhitaji kasi kubwa kuliko nyepesi?

Jibu: Shaka yako ina msingi, na sentensi iliyomo daftarini mwako ndiyo yenye kasoro. Kama kani mbili zingekuwa zinaivuta setilaiti pande mbili kwa nguvu sawa, isingekuwa na sababu yoyote ya kupinda njia yake. Ingenyooka moja kwa moja na kutokomea mbali na dunia. Kuzunguka kwake ni ushahidi kwamba kani hazijasawazishwa. Kwa mtu anayeitazama akiwa nje, kani inayofanya kazi ni moja tu, nayo ni mvutano wa dunia.

Tuanze na jiwe, kwa sababu mkono hufundisha jambo hili upesi kuliko ubao. Funga jiwe la gramu 200 kwenye kamba ya mita 1, kisha ulizungushe mara 2 kwa kila sekunde. Kasi yake ni takriban mita 12.6 kwa sekunde, na haibadiliki. Lakini velositi, ambayo ni kasi pamoja na uelekeo wake, inabadilika wakati wote kwa kuwa uelekeo unageuka. Velositi ikibadilika pana mchapuko, na penye mchapuko pana kani. Katika mwendo wa duara, kani hiyo daima huelekea kitovuni, na ukubwa wake hupatikana kwa kuzidisha masi kwa mraba wa kasi, kisha kugawanya kwa nusukipenyo. Kwa jiwe letu tunapata karibu newtoni 32, ambazo ni kama mara 16 ya uzito wa jiwe lenyewe.

Hapo ndipo hisia inapotudanganya. Mkono wako unahisi kuvutwa kwa nje, na hisia hiyo ni ya kweli kabisa, ila kinachovutwa nje ni mkono, si jiwe. Jiwe linavutwa ndani na kamba, na kwa sheria ya tatu ya Newton kamba hiyohiyo inauvuta mkono upande wa pili. Ukitaka kuhakikisha, chagua mahali pa wazi pasipo na watu, uachie kamba, na uangalie jiwe linakoelekea. Halitoki kuelekea nje kana kwamba limesukumwa kutoka kitovuni; linafuata mstari mnyoofu unaoligusa duara pale lilipokuwa ulipoachia.

Kani ya kukimbia kitovu ina mahali pake, nami sipendi iitwe uongo. Mtu anayefanya hesabu akiwa ndani ya chombo kinachozunguka, na akakichukulia chombo hicho kuwa kimetulia, hulazimika kuiongeza ili sheria za Newton zimkubalie; wahandisi hufanya hivyo kila siku na kupata majibu sahihi. Kwake yeye setilaiti inayozunguka pamoja naye imetulia, hivyo kani zake zimesawazishwa. Kosa la daftari lako ni kuichukua kani ya mtazamaji wa ndani na kuitumia kueleza mzunguko anaouona mtazamaji wa nje.

Sasa tuje kwenye setilaiti yenyewe, na tuchukue inayozunguka kilomita 400 juu ya uso wa dunia, karibu na kilipo Kituo cha Kimataifa cha Anga. Nusukipenyo cha dunia ni kama kilomita 6,371, kwa hiyo setilaiti hii iko kilomita 6,771 kutoka kitovu cha dunia. Mvutano hupungua kwa mraba wa umbali, basi mchapuko utokanao na mvutano, ambao hapa chini ni mita 9.8 kwa sekunde mraba, kule juu ni takriban 8.7. Kama unavyoona, haujatoweka hata kidogo: umebaki karibu asilimia 89. Kitu kilichoachiliwa hapo kikiwa kimetulia kingeshuka mita 4.3 katika sekunde ya kwanza.

Setilaiti nayo hushuka mita hizohizo 4.3. Tofauti ni kwamba, katika sekunde hiyohiyo, imesonga mbele kiasi cha kilomita 7.67. Ukichora mstari mnyoofu wa urefu huo unaoanzia kwenye njia ya setilaiti na kuigusa, utakuta kwamba duara la nusukipenyo cha kilomita 6,771 limeinama chini ya mwisho wa mstari huo kwa mita 4.3 vilevile. Setilaiti imeanguka, na uso wa dunia umejipinda kwa kiasi kilekile, kwa hiyo kimo chake hakikubadilika. Sekunde inayofuata mambo hujirudia, na baada ya dakika 92 hivi inakuwa imemaliza mzunguko mmoja. Kila ninapofundisha somo hili huwaomba wanafunzi wapige hesabu ya hizo mita 4.3 kwa njia zote mbili, kwa mkono wao wenyewe, kwa sababu namba hizo zikishakutana hakuna tena haja ya kani ya pili.

Newton alifuata fikra hii alipoulinganisha mwezi na tunda linalodondoka mtini, na mwaka 1687 akachapisha sheria yake ya mvutano. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia kwa takriban mara 60 ya nusukipenyo cha dunia. Mchapuko wake basi unapaswa kuwa 9.8 ukigawanywa kwa 3,600, yaani karibu mita 0.0027 kwa sekunde mraba. Ukiupima kwa umbali wa mwezi na muda wake wa siku 27.3 kumaliza mzunguko, unapata namba hiyohiyo.

Kuhusu wanaanga, kinachokufanya uhisi uzito wako sasa hivi si mvutano wenyewe bali sakafu inayokusukuma kutoka chini. Ndani ya chombo kilicho kwenye mzunguko, mwanaanga, sakafu na kalamu iliyomtoka mkononi vyote vinaanguka kwa mchapuko mmoja, kwa hiyo hakuna kinachokilalia kingine. Ndiyo maana anaelea ilhali dunia inaendelea kumvuta kwa karibu nguvu zote inazomvutia akiwa ardhini.

Swali lako la mwisho lina jibu fupi. Masi ya setilaiti iko kwenye kani ya mvutano, na pia iko kwenye kani inayohitajika ili njia yake ipinde. Ukiziweka kani hizo kuwa sawa, masi inafutika pande zote mbili. Kasi inayobaki hutegemea masi ya dunia na umbali kutoka kitovu chake tu. Kwa hiyo mwanaanga akitoka nje ya chombo chake chenye uzito wa mamia ya tani, yeye na chombo wataendelea kwenda sambamba kwa kasi ileile ya kilomita 7.67 kwa sekunde. Umbali ndio unaoibadilisha: setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, zinazoonekana kana kwamba zimesimama mahali pamoja angani, huenda kwa kilomita 3.07 tu kwa sekunde. Uzito una gharama mahali pengine, yaani kwenye roketi, ambayo huhitaji fueli nyingi zaidi ili kuifikishia setilaiti nzito kasi hiyo.