Kabla hujanunua pikipiki ya mkononi, ijue kwanza injini yake

Pikipiki yangu ya pili niliinunua kwa macho. Tangi limechongoka, taa kali, stika ina jina lile lile la zamani ila wameongeza herufi mbili mwishoni, na mwenye nayo ananiambia hii ni toleo jipya, wamebadilisha kila kitu. Na kweli hakunidanganya jamani, mpaka injini walibadilisha, na ule ndio ulikuwa mwaka wake wa kwanza kutoka!

Mwezi wa saba ikaanza kunywa oili. Fundi akafungua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, akaniambia pitisha kidole humo ndani ya silinda, nikapitisha, ukucha ukanasa kwenye mchirizi. Nikasema basi si tuchonge tuweke pistoni ya 0.50, yaani iliyozidi kwa nusu milimita, kama tulivyofanya kwa ile ya kwanza, fundi akacheka tu. Ile ya kwanza ilikuwa na slivu ya chuma, lile bomba la ndani pistoni inamotembea, inachongeka vizuri, hii ni alumini iliyopakwa safu nyembamba ngumu ya nikeli, ukipitisha mashine safu yote imekwenda. Dawa ikawa kununua silinda nzima, na ya toleo la nyuma haikukubali kuingia.

Toka hapo siulizi tena pikipiki ya mwaka gani, nauliza hii injini imeanza lini na imefungwa kwenye modeli gani nyingine. Kampuni haziundi injini mpya kila mwaka, ni hela nyingi mno, wanachobadilisha kila mwaka ni plastiki, rangi na taa. Suzuki walitoa SV650 mwaka 1999, injini ya V yenye silinda mbili, cc 645, halafu mwaka 2004 wakaifunga kwenye V-Strom 650 ambayo ni pikipiki ya safari ndefu, ukiziweka pamoja huwezi kudhani ni ndugu. Yamaha nao ile ya cc 689 waliyoanza nayo kwenye MT-07 mwaka 2014 ndiyo hiyo hiyo utaikuta kwenye Ténéré 700 na kwenye R7. Injini ya namna hii spea zake ziko nyingi, na ugonjwa wake mafundi wanaujua hata kabla hujawaeleza.

Ila na jina nalo linadanganya. BMW R1200GS ya 2012 na ya 2013 zimeandikwa jina moja, lakini ya 2013 ndiyo walianza kuweka maji ya kupooza, na klachi iliyokuwa kavu huko nyuma ya injini ikahamia mbele ikawa ya kulowa kwenye oili. Sasa wewe agiza spea kwa jina tu uone. Hata Honda Super Cub, hii ambayo kufika 2017 zilishatengenezwa zaidi ya milioni 100 na watu wanaichukulia kama pikipiki moja tu, ilianza mwaka 1958 na injini ya fito, yaani kamshafti (mhimili unaofungua valvu) iko chini na fito ndizo zinasukuma valvu kule juu, baadaye ndio wakaipandisha juu kwenye hedi ikawa inazungushwa na cheni.

Tena usifikiri injini zinaenda mbele tu. Honda walikuwa tayari na CB125 yenye kamshafti juu, lakini mwaka 1976 wakatoa CG125 wakarudi kwenye fito kwa makusudi, kwa ajili ya watu wanaobebesha mizigo mizito na kusahau kumwaga oili. Haipandi mzunguko mkubwa kama mwenzake, lakini haina ile cheni ya kuzungusha kamshafti, cheni ya taimingi, ya kulegea na kuanza kugonga, kwa hiyo mtu akikuambia ya fito ni ya kizamani muulize kwanza anataka kukimbia au kufanya kazi.

Hii niliyonayo sasa ni ya fito. Siku ya kwenda kuiona nilifika mapema, kabla hata ya salamu nikaweka kiganja kwenye silinda nihakikishe mwenye nayo hajaipasha moto (injini ikishapata joto kelele nyingi zinajificha), nikaandika namba ya injini, nikasogea pembeni nikapiga simu kuulizia bei ya ringi, gasketi ya hedi na silinda kwa namba hiyo. Niliporudi mwenyewe ananiangalia tu, akaniuliza, "Kaka, umekuja kununua pikipiki au kunifungulia kesi?"