Kibali cha bomba kimetoka, mtaa haukuulizwa: tuanzie wapi?

SWALI: Tunaishi pembezoni mwa Wilaya ya Ilala. Hivi karibuni walikuja vijana wenye vifaa vya kupimia, wakasimika vigingi na kupiga X nyekundu kwenye kuta za nyumba kadhaa. Mtendaji wa mtaa anasema ni mkuza wa bomba la gesi (ukanda wa ardhi wa kupitishia bomba) na kwamba kibali cha mazingira kilishatoka. Hatukumbuki mkutano wowote. Vijana wanataka wathamini wakija wafukuzwe, wazee wanasema tusubiri tuone. Je, kibali kinaweza kutenguliwa kwa sababu hatukushirikishwa? Na tukikataa uthamini, mradi utasimama?

JIBU: Kibali kinaweza kutenguliwa, lakini si kwa kusema tu "hatukushirikishwa". Mtatakiwa muonyeshe hatua gani ya kisheria ilirukwa, muionyeshe kwa karatasi, na mfanye hivyo kabla muda haujawapita. Kukataa uthamini hakusimamishi mradi. Kunachofanya ni kuwaacha nje ya daftari la fidia.

Tuanze na karatasi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, mradi mkubwa wa bomba haupewi cheti cha mazingira, ndicho hicho mnachokiita kibali, bila Tathmini ya Athari kwa Mazingira, yaani TAM. Kanuni zake za 2005 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo sehemu za wazi karibu na eneo, atangaze kwa wiki 2 mfululizo kwenye gazeti linalosomwa nchi nzima, atangaze redioni kwa Kiswahili na Kiingereza angalau mara moja kwa wiki katika wiki hizo 2, na aitishe mikutano na waathirika panapostahili. Kila kimojawapo kinaacha alama: nakala ya gazeti, risiti ya redio, picha ya bango, muhtasari wa mkutano. Alama hizo zisipokuwepo, hapo ndipo hoja yenu inapopatia miguu.

Andikeni barua kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na nyingine kwa mwenye mradi, mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Msiombe "taarifa za mradi" kwa ujumla, mtapewa kipeperushi. Ombeni kwa majina: ripoti ya TAM pamoja na viambatisho vyote, cheti chenye tarehe na masharti yake, na ramani ya njia yenye koordineti. Pelekeni nakala 2, moja ibaki kwao, nyingine irudi kwenu na muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri mtakuja kuambiwa haikufika.

Ripoti ikifika, msianzie mbele. Sura za mwanzo huwa zinazungumzia sera. Fungueni viambatisho, tafuteni orodha za mahudhurio. Ni kawaida kwa wakazi kusaini karatasi kwenye kikao kilichoitwa kwa jambo jingine, au wakati wa kupokea nauli, na baadaye karatasi hiyo ikaonekana kama ushahidi kwamba mtaa ulishauriwa. Angalieni kichwa cha karatasi: kimeandikwa ajenda gani, na je, kichwa na majina ni mwandiko mmoja au kimeongezwa baadaye? Tarehe ni ipi, na siku hiyo kulikuwa na mkutano kwa mujibu wa kitabu cha mihtasari cha ofisi ya mtaa? Kuna watu wa mtaa mwingine? Kuna marehemu? Kuna namba moja ya simu inayojirudia? Kisha tafuteni muhtasari wenyewe. Orodha ya majina bila muhtasari unaoonyesha nani aliuliza nini na akajibiwa nini inathibitisha kwamba watu walikaa mahali, basi. Waliotajwa humo ambao hawakuhudhuria, au waliohudhuria jambo jingine, waapishwe viapo kwa wakili mapema, mmoja mmoja. Barua ya jumla yenye saini 300 ina uzito mdogo mahakamani kuliko viapo 10 vinavyosema mambo mahususi.

Sasa muda, ambao ndio unaoua kesi nyingi za namna hii. Maombi ya mapitio Mahakama Kuu, ya kutaka uamuzi wa serikali utenguliwe, huanza kwa kuomba kibali cha mahakama, na kanuni za 2014 zinataka ombi hilo lifikishwe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Kwa hiyo tarehe ya cheti ni muhimu kuliko tarehe mliyoona vigingi. Maombi hayo si kesi ya madai, hayangoji notisi ya siku 90 ambayo hutolewa kabla ya kuishtaki Serikali. Watu hupoteza miezi 3 kwa kuchanganya haya mawili. Sheria ya 2004 pia imeanzisha Baraza la Rufaa la Mazingira. Muulizeni wakili mapema kama mnapaswa kuanzia huko, maana Mahakama Kuu inaweza kuwarudisha kwa kuruka ngazi.

Kama mnadhani hilo la muda ni la kutishana, tazameni shauri la bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443. Asasi za kiraia zililipeleka Mahakama ya Afrika Mashariki Novemba 2020, na moja ya hoja zake ilikuwa ushirikishwaji wa wananchi. Novemba 2023 Divisheni ya Awali ya mahakama hiyo ililitupa kwa sababu lilikuja nje ya miezi 2 inayotakiwa na Mkataba wa Jumuiya. Hoja zenyewe hazikufikiwa.

Wakati mnasubiri majibu ya barua, hesabuni nyumba. Hoja hii wengi hawaigusi, nayo wahandisi hawawezi kuipuuza. Kiwango cha ASME B31.8, cha chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, kinachotumika sana kubuni mabomba ya gesi, hugawa njia kwa msongamano wa makazi. Chukueni kipande cha njia chenye urefu wa kilomita 1.6, na mita 200 kila upande wa mstari wa vigingi. Majengo ya kukaliwa yakiwa 10 au pungufu ni daraja la 1. 11 hadi 45 ni la 2. 46 na kuendelea ni la 3. Ghorofa zikitawala ni la 4. Nyumba yenye makazi kadhaa yanayojitegemea, kila makazi huhesabiwa peke yake. Daraja likipanda, kigezo cha ubunifu, yaani sehemu ya nguvu ya chuma inayoruhusiwa kutumika, hushuka kutoka 0.72 hadi 0.60, 0.50 na 0.40, na unene wa chuma hupanda. Kwa mfano, bomba la inchi 16 linalobeba gesi kwa mgandamizo wa bar 70, kwa chuma cha aina ya X52, linahitaji ukuta wa takribani milimita 5.5 katika daraja la 1 na milimita 7.9 katika la 3. Umbali kati ya vali za kufungia gesi nao hupungua, kutoka kilomita 32 hadi 16.

Kosa la kawaida ni kuhesabu kwa picha ya satelaiti ya zamani. Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 4.36 kwenye sensa ya 2012 na milioni 5.38 mwaka 2022, na pembezoni ndiko wanakojenga. Tumieni simu yenye GPS: piga picha ya kila nyumba, andika koordineti, idadi ya kaya, na uorodheshe pembeni shule, msikiti, kanisa na zahanati. Kisha linganisheni na daraja lililotajwa kwenye ripoti. Ikiwa ripoti inasema daraja la 2 na nyinyi mna nyumba 70, mna swali la usalama ambalo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) inapaswa kulijibu, hata kama hoja ya ushirikishwaji itashindwa. Mara nyingi ushindi wa kweli ni huo: njia kusogezwa, au bomba nene zaidi.

Kuandamana ni haki yenu. Polisi wapewe taarifa saa 48 kabla. Ila msizuie mitambo. Mtwara, Mei 2013, maandamano ya kupinga bomba la kuja Dar es Salaam yaliishia kwenye vifo na majengo kuchomwa, na bomba lilikamilika 2015.

Kuhusu uthamini, mruhusuni mthamini aingie. Kila mmoja awepo kwake na ahesabu pamoja naye: vyumba, choo, kisima, uzio, kila mti. Fomu za ardhi namba 69 na 70 zijazwe mbele yenu; fomu yenye nafasi wazi isisainiwe hata kama gari linasubiri. Pigeni picha kila ukurasa. Fidia kisheria si bei ya soko ya ardhi na nyumba peke yake. Ina posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na kodi ya makazi au faida ya biashara iliyopotea kwa miezi 36. Isipolipwa ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe inaanza kuzaa riba, na ikipita miaka 2 uthamini unakufa, unafanywa upya.

Asiyekubali njia au kiasi aandike juu ya saini yake, kwa kalamu: "Nimesaini kuthibitisha mali iliyohesabiwa tu. Sijakubali njia ya bomba wala kiasi cha fidia." Mthamini akikataa kuacha nafasi ya maneno hayo, andikeni barua siku hiyo hiyo kwa ofisi yake na nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, na ile ya kwenu igongwe muhuri.