Uso umejaa, lakini vidonge usiviwache ghafla

Dada yangu wa Wete, pole sana. Nimekufahamu: kinga ya mwili inalishambulia ini lako mwenyewe, umeanzishiwa prednisoloni na azathioprini, vidonge vya kuituliza kinga hiyo, uso umejaa, unataka kuviwacha vidonge, na mama mkwe anakuletea mizizi ya kuchemsha. Nami naishi na maradhi hayo hayo, huku Unguja.

Usiviwache ghafla. Mwili ukishazoea prednisoloni hupunguza kutengeneza homoni yake. Ukikata mara moja unaweza kuishiwa nguvu, presha ikashuka, na ini likaanza kushambuliwa upya. Uso hupungua dozi ikishushwa, na wa kuishusha ni daktari. Mimi nameza asubuhi baada ya chai na muhogo, maana nikimeza jioni usingizi hauji. Sukari na chumvi punguza (ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, ndio mtihani wangu mkubwa).

Mizizi ikatae kwa adabu. Zipo dawa za miti zinazoumiza ini, na daktari hatajua nini kimepandisha vipimo. Mwambie mama, "Daktari kanikataza." Lawama zimwendee daktari.

Uliza kama umepimwa homa ya ini B, kwani dawa hizi zinaweza kuiamsha. Azathioprini nayo inataka damu ipimwe mara kwa mara. Mwili ukipata joto la homa, usisubiri, muone daktari. Macho yakiwa manjano, ukitapika damu, choo kikawa cheusi kama lami, au ukaanza kuchanganyikiwa, nenda hospitali saa ile ile, hata usiku. Kufunga Ramadhani na kubeba mimba, zungumza na daktari kabla.